Kashai: Kadi Nne, Banda Moja na Taa za Senene

Leo safu hii haiendi ufukweni wala disko. Leo tunapanda basi mpaka Bukoba, tunashukia Kashai, halafu tunaingia kwenye banda la gemu. Usicheke! Huko ndiko nilikopata aibu yangu kubwa, na huko huko ndiko nilikojifunza kwamba kabla hujanunua kompyuta ya kucheza gemu, kwanza wajue majirani zako.

Mambo yalianza na simu. Ilikuwa Novemba 2024, nipo zangu Mwanza nimejilaza, mfukoni nimechacha vibaya. Simu ikalia. Kuangalia, mama mdogo wa Bukoba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikiliza, mdogo wako anataka kunitia wazimu. Nimemkopea laki sita kwenye kikoba, aliniambia anapanua biashara. Sasa nasikia anataka kununua kadi ya laki tano. Mimi najua kadi ya harusi na kadi ya benki. Hiyo ya laki tano ni kadi gani?"

Nikacheka, lakini moyoni nilishtuka. Mdogo wangu huyo alipomaliza kidato cha nne hakupata ajira, akafungua banda la gemu pale Kashai. Ana PlayStation 2 mbili zilizochoka na kompyuta moja ya mtumba. Biashara ilikuwa inakwenda, mpaka jirani mmoja ng'ambo ya barabara alipoleta PlayStation 4 yenye EA Sports FC 25, gemu la mpira lililotoka Septemba 27, 2024. Wiki moja tu, madogo wote wakahama. Dogo akabaki anajipepea na pedi.

Nikampigia. "Vipi, unanunua nini?"

"Kaka, nimeona mtandaoni RTX 3060, laki tano tu! Jamaa anasema nimtumie hela leo leo, wateja ni wengi."

"Usitume hata senti. Nakuja."

Sasa nikwambie kwa nini nilikurupuka hivyo. Mwaka mmoja nyuma mimi huyu huyu, mjuaji wa ukoo, ndiye niliyemnunulia kadi ya grafiki. Iliandikwa GTX 1050 Ti. Niliinunua kwa jamaa aliyekuwa anauza vitu kwenye begi, shilingi 150,000, nikaipakia kwenye basi kwa mbwembwe zote. Tangu siku hiyo dogo ananiambia, kaka, gemu jipya linagoma. Na mimi namjibu, hujui kuseti wewe. Lakini usiku nikilala nawaza: hivi ile kadi...?

Nikaenda kwa fundi mmoja wa kompyuta ninayeshinda naye hapa Mwanza, nikamwomba kadi tatu kwa ahadi kwamba moja nitainunua na mbili nitazirudisha bila mkwaruzo. Akanitazama kama mtu anayemkopesha mlevi, halafu akanipa. Nikaongeza paua sapulai ya wati 500 na hadi diski yenye gemu lenyewe. FC 25 inahitaji nafasi ya GB 100, na kuishusha kwa bando ni kujitafutia umaskini wa makusudi. Gemu nililinunua kihalali kipindi cha punguzo, hiyo ikawa zawadi yangu kwa dogo.

SAFARI YA KADI MAPAJANI

Kutoka Mwanza kwenda Bukoba ukiwa na haraka ni basi. Kuna watu wanapenda meli, lakini mama yangu mzazi hataki hata kusikia. Tangu MV Bukoba izame Mei 21, 1996 ikiwa inakuja Mwanza, neno meli nyumbani kwetu linatamkwa kwa sauti ya chini. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini woga nimeurithi.

Basi tukapanga foleni Kigongo kusubiri kivuko cha kwenda Busisi. Siku hizo daraja lilikuwa bado linajengwa, nguzo zimesimama ziwani tunazitazama kwa uchu. Sasa hivi mambo yamekwisha, lilifunguliwa Juni 19, 2025, kilomita tatu unapita juu ya maji kama mfalme. Lakini siku ile tulishuka, tukapigwa jua, tukanunua mahindi ya kuchoma, tukapanda tena.

Kadi zangu nilizifunga kwenye khanga, nikaziweka mapajani. Mama niliyekaa naye akaniuliza, "Mtoto mchanga?" Nikamwambia, "Ni vyombo vya kompyuta, mama." Akasogea pembeni kidogo, nadhani aliogopa mionzi.

Ukishaipita Geita ukaingia Muleba, hewa inabadilika. Migomba, migomba, migomba, na kahawa chini yake. Udongo mwekundu, nyumba zimejificha ndani ya mashamba. Halafu jioni unateremka Bukoba, mji umekaa chini, miinuko ya mawe upande mmoja na ziwa Victoria upande wa pili. Nikachukua bodaboda.

"Kashai wapi, bro?"

"Matopeni."

Jina lenyewe linajieleza. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza, na boda ilikuwa inacheza sindimba. Kashai ni uswahilini haswa. Nyumba zimebanana, saluni, genge, duka la vocha, baa, kiti moto, mama ntilie, halafu saluni tena. Muziki unatoka kila upande na kila mmoja unapiga wimbo wake. Nshomile wa kule mjini wanajifanya hawapajui Kashai, lakini usiku ukiingia unawaona wote wako huku wanatafuna nyama.

Mama mdogo alinipokea kwa kahawa za kutafuna, kama ada ya Kihaya inavyotaka, kisha sahani ya ebitoke na maharage ambayo mtu wa kawaida anakula siku mbili. Nimekula mpaka nikalegeza mkanda. Halafu akasema taratibu, "Haya, sasa nenda kamwangalie mdogo wako. Kikoba tunakutana Jumapili. Nataka kujua nawaambia nini wenzangu."

Ilikuwa Alhamisi.

AIBU

Banda la dogo ni chumba kimoja cha mbele. Ukutani kuna ufa mrefu uliobaki kutokana na tetemeko la Septemba 10, 2016, lile lililoangusha nyumba nyingi Bukoba. Dogo ameuziba kwa saruji, akaacha tundu dogo la kupitishia waya wa umeme. Mabenchi mawili, feni moja, na bango la mkono: MECHI MOJA 500, MATUSI HAPANA.

Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex ya mtumba, zile zilizotoka maofisini Ulaya zikaja kutuokoa sisi. Prosesa i5-6500, ramu GB 8, paua sapulai wati 240. Si haba. Watengenezaji wa FC 25 wanasema kima cha chini ni i5-6600K, ramu GB 8 na kadi ya GTX 1050 Ti ya GB 4, au RX 570 ukiwa mtu wa AMD. Kwa hiyo mashine ya dogo ilikuwa inagusa gusa mstari. Kama ana 1050 Ti ya kweli, gemu lingecheza. Mbona haichezi?

Nikachomeka flashi, nikafungua programu ndogo inaitwa GPU-Z. Kazi yake ni kukagua kadi na kukwambia ukweli, na tangu 2018 ina akili ya kugundua kadi za NVIDIA zilizochakachuliwa. Nikabonyeza. Mbele ya jina la kadi likatokea neno moja la Kiingereza lenye maana ya bandia.

Jasho likanitoka, msomaji wangu. Ndani ya ile kadi kulikuwa na chipu ya kizazi cha Fermi, ukoo ulioanza kuuzwa 2010! Wajanja wanachukua kadi kuukuu, wanaipaka sura mpya, wanaingia kwenye ile programu inayokaa ndani ya kadi na kuibadilisha jina. Kompyuta inasoma jina jipya, na wewe unalipa bei ya jina jipya. Ukiiwekea draiva halisi, kioo kinakuwa cheusi tii.

Dogo alikuwa amesimama nyuma yangu, ameona kila kitu. Hakusema neno. Hilo ndilo lililoniuma. Mwaka mzima nilikuwa namwambia hajui kuseti.

Mama mdogo akaingia na chai, akatuona tumenuna. Nikamweleza yote, nikitazama sakafu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ni kama mtu anayekuuzia gunia la kahawa, juu kavu, chini mbichi. Mbona hilo tunalijua sisi. Unaingiza mkono mpaka chini kabla hujalipa."

Basi nikasema, mama, leo tunaingiza mkono mpaka chini.

MCHUJO WA KADI NNE

Ijumaa asubuhi tukaanza. Waamuzi walikuwa madogo sita wa mtaani, shule imefungwa kwao mapema kuliko kwa wengine, usiniulize. Sheria moja tu: kila kadi inacheza mechi nzima ya Arsenal na Manchester City, na mimi nina kaprogramu pembeni kanahesabu picha.

Hapa nikufafanulie kidogo, usije ukapotea njiani. Gemu ni kama sinema, ni picha zinazobadilishwa haraka mpaka jicho linaona mwendo. Zikifika picha 60 kwa sekunde, mchezo unateleza kama siagi. Zikiwa 30 unacheza, ila unasikia uzito kwenye pedi. Zikishuka chini ya 20, unabonyeza shuti leo, mpira unapigwa kesho. Kazi ya kadi ya grafiki ni kuchora hizo picha. Prosesa inafikiri, kadi inachora.

Kadi ya kwanza haikuwa kadi. Tulitoa ile feki, tukacheza na kile kichoraji kidogo kilichomo ndani ya prosesa, Intel HD 530. Masikini ya Mungu! Picha nane, picha kumi. Saka akianza kukimbia unaweza kwenda dukani ukarudi. Dogo mmoja akasema, "Hii si mechi, hii ni maonyesho ya picha." Ikatolewa kipindi cha kwanza.

Ya pili, GT 1030 ya GB 2. Kadi ndogo kama biskuti, inakula wati 30 tu, feni yake huisikii. Tukashusha ubora wote mpaka chini, tukapunguza na ukubwa wa picha. Ikacheza! Thelathini na kitu, wakati mwingine ishirini na kitu. Mpira ukiwa katikati ya uwanja, mambo poa. Ikija kona, wachezaji wamejaa golini na mashabiki wanaonekana nyuma, inapata kigugumizi. Tena angalia sana hapa: ziko GT 1030 za aina mbili zenye jina lile lile. Ya kwanza ya 2017 ina kumbukumbu ya kasi ya GDDR5, ya 2018 ikawekewa DDR4 ambayo ni goigoi. Hii yetu ilikuwa ile nzuri, na bado ilihema. Ile nyingine usiiguse hata ukipewa na shemeji.

Ya tatu, GTX 1050 Ti ya GB 4. Ya kweli safari hii, GPU-Z imeipitisha bila kinyongo. Kadi hii ilitoka Oktoba 2016, ni mzee kidogo, lakini mzee mwenye heshima. Tukaweka picha kamili, ubora wa chini kuelekea wa kati. Sitini! Inashuka kidogo wakati wa marudio ya goli, basi. Madogo wakanyamaza, na ujue madogo wa Kashai wakinyamaza kuna jambo. Yule aliyekuwa anasema maonyesho ya picha akaomba pedi bila kuambiwa.

Halafu ikaja ya nne. Hapa ndipo kimbembe.

RX 580 YA GB 8

Hii ni dume. Feni mbili, nzito kama tofali. Ilitoka 2017, na nyingi zilizoko sokoni zimepitia machimboni. Si machimbo ya Geita, ya sarafu za mtandaoni. Watu walizifunga kumi kumi kwenye mabanda zikachapa kazi usiku na mchana kuchimba Ethereum. Septemba 15, 2022 Ethereum ikabadili mfumo, uchimbaji wa kadi ukafa, na makadi yakamwagwa sokoni kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana leo unaweza kupata RX 580 karibu kwa bei ya 1050 Ti ingawa ina nguvu kuliko yenyewe kwa mbali.

Ila ina mdomo. 1050 Ti inakula wati 75 na umeme wote inaupata kwenye mazabodi inapochomekwa. RX 580 inakula wati 185, na lazima uichomekee waya wake wa ziada kutoka kwenye paua sapulai. Ile ya Dell ya wati 240 hata huo waya haina. Kwa hiyo nikatoa paua sapulai niliyokuja nayo, tukafungua ubavu wa kompyuta, waya zikaning'inia nje kama utumbo, na ilibidi tutumie waya wa kubadilishia kwa sababu Dell wana soketi zao za peke yao.

Ikawaka. Nakwambia ikawaka! Ubora juu, majani ya uwanja yanaonekana moja moja, jasho la Haaland linang'aa. Picha 60 haitikisiki. Dogo alikuwa anatabasamu mpaka masikio. Akaanza kuongea Kihaya peke yake. Akatoka nje akasimama mlangoni kifua mbele, akiangalia banda la jirani ng'ambo. Nshomile katika ubora wake!

"Kaka, hii hii. Tena tumerudisha hela, si laki tano."

Na mimi nikakubali. Hata mimi nilikuwa nimelewa. Tukatangaza ligi ya usiku ule ule, zawadi soda kreti nzima. Saa moja jioni banda limejaa, mpaka wateja wa jirani wamevuka barabara.

Sasa msomaji wangu, nilisahau kitu kimoja. Ilikuwa Novemba, na Novemba Bukoba ni mwezi wa senene.

Kama hujawahi kuona, senene wanafuata mwanga. Watu wanasimamisha mabati uani, chini wanaweka mapipa, juu wanafunga taa kubwa kali mpaka mtaa unakuwa mchana. Senene wanakuja, wanajigonga kwenye bati, wanateleza mpaka ndani ya pipa. Asubuhi ni hela. Nyuma ya banda la dogo kuna mzee mmoja, mstaarafu sana, ana taa tatu za namna hiyo. Na mtaa mzima una wazee wa namna hiyo.

Saa mbili kasoro, nusu fainali, dakika ya 88, mbili kwa moja. Mzee akawasha taa zake. Jirani yake akawasha. Wa kule chini wakawasha. Balbu ya bandani ikafifia ikawa rangi ya chungwa. Feni ikapunguza mwendo. UPS ya dogo ikaanza kulia, pii, pii, piii...

Giza. Kompyuta chali.

Kelele iliyotoka mle ndani sijawahi kuisikia hata Kaitaba. Tuliyekuwa tunampa soda alikuwa analia machozi ya kweli. Tukawasha tena, ikakubali dakika tano, ikazima. Tukawasha, ikazima. Madogo wakaanza kudai mia tano zao. Mmoja akasema kwa sauti, "Twendeni kule, PlayStation haizimi." Wakavuka barabara wote.

Dogo akakaa kwenye benchi, kichwa mikononi.

HESABU ZA USIKU

Sikulala. Nilikaa na kalamu. RX 580 wati 185. Prosesa wati 65 ikikamuliwa. Weka kioo, hadi diski, feni. Jumla inafika karibu wati 300. UPS ya dogo ni ndogo, betri yake imezeeka, umeme ukishuka inapaswa kubeba mzigo wote, inaulizwa kubeba gunia ikiwa na mgongo wa kubeba kikapu. Ukiweka 1050 Ti mzigo mzima unashuka kwa zaidi ya wati 100, na paua sapulai ya Dell yenyewe inatosha, hakuna utumbo nje.

Na ile RTX 3060 aliyoiona mtandaoni? Inakula wati 170, na NVIDIA wenyewe wanapendekeza paua sapulai ya wati 550. Hata kama ingekuwa ya kweli, ingekuja kuzimwa na senene wale wale. Tena kwa laki tano, jumlisha paua sapulai laki moja na thelathini, ni mechi 1,260 za mia tano kabla mama hajarudishiwa hela yake. Hapo hujalipa umeme, hujala.

Jumamosi usiku tukarudia, safari hii kwa nia mbaya. Nikaweka 1050 Ti, nikamwendea yule mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, leo unawasha taa saa ngapi?"

Akanitazama kwa wasiwasi. "Kwa nini? Mnataka nizime?"

"Hapana mzee, nataka uwashe zote."

Akawasha zote. Balbu ikafifia vile vile, feni ikachoka vile vile, UPS ikalia pii pii. Lakini mechi ikaendelea! Umeme ukapanda, ukashuka, UPS inalia, Arsenal wanapiga kona. Tulikuwa na madogo watatu tu usiku ule, lakini walicheza mpaka saa nne bila kukatika hata mara moja. Yule aliyelia jana alishinda tatu bila. Nikamuuliza, "Picha za jana na za leo, zipi nzuri?"

"Za jana."

"Sasa utarudi kucheza hapa?"

"Nitarudi. Leo nimemaliza mechi."

Sikuwa na swali lingine.

JUMAPILI

Mama mdogo alirudi kanisani, akavua viatu, akakaa. Nikaweka hesabu mezani. Kadi ya 1050 Ti, bei ya fundi ni 220,000. Hapo 150,000 nalipa mimi, kufidia ile feki niliyoileta. Sikuwa nazo zote, nilituma ujumbe mahali fulani nikakopa, usiniulize. Dogo analipa 70,000. Nyingine 150,000 ni ya UPS mpya pamoja na stablaiza ya kutuliza umeme. Jumla inayotoka kikobani 220,000. Laki tatu na themanini inarudi kwa mama leo leo.

Dogo alinuna kidogo. Alikuwa bado anaota yale majani ya uwanja. Akasema, "Kaka, jirani atasema picha zangu ni za hali ya chini." Mama mdogo akamwambia, "Waitu, jirani anakulipia kikoba?" Mjadala ukafungwa.

Akahesabu zile noti mara mbili, akazifunga kwenye ncha ya khanga, akaondoka kwenda kikobani akitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nilirudi Mwanza na RX 580 na GT 1030 mapajani, na ndoo ndogo ya senene wa kukaanga kwa ajili ya fundi. Alizikagua kadi kwanza, ndipo akala.

Dogo alimaliza deni la mama Machi 2025. Madogo hawakurudi wote, sitakudanganya. Wengine wamekaa kwa jirani mpaka leo. Lakini wakati wa senene ndipo banda lake linajaa, kwa sababu wamejua lina stablaiza.

Na jambo moja la ukweli nikuachie, usije ukasema sikukwambia. Hiyo 1050 Ti siku zake zinahesabika. Oktoba 2025 NVIDIA walifunga ukurasa wa draiva mpya za gemu kwa ukoo huo mzima, wamebakiza marekebisho ya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Magemu yaliyopo yanaendelea kucheza, ila kwa yajayo hakuna anayekuahidi. Dogo ameshaanza kuweka mia mbili mbili kwenye kopo. Ananiuliza kila wiki anunue ipi, na mimi namuuliza kwanza: paua sapulai yako wati ngapi, na mzee ana taa ngapi msimu huu?

Na wewe uliyeko Sinza, Nyamagana au Kashai, unayetaka kununua kadi kesho: usilipe kabla hujaiona inafanya kazi, kagua kwa GPU-Z mbele ya muuzaji, soma wati kabla hujasoma GB. Muuzaji akikataa kukaguliwa, ingia mitini. Ingiza mkono mpaka chini ya gunia, ndivyo alivyosema mama mdogo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa. Kama una senene wa kukaanga, nitumie, sibagui.